Ridhaa Mbili: Uhakiki wa Picha za Dansi

Katika kurasa za jarida letu tumezoea kuhakiki tenzi, riwaya na tamthilia. Ni mara chache sana tumethubutu kuhakiki picha, na hasa picha zile ambazo hazikupigwa na mabingwa bali na watu wa kawaida, waendao dansini au kwenye taarabu na kamera begani kwa sababu tu wanapenda. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba jambo hili halituhusu sisi walimu wa lugha. Kwa maoni yangu latuhusu sana. Picha ya dansi ni habari inayotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine: ina msemaji, ina msikilizaji, ina jambo la kusemwa na namna ya kulisema. Kwa hiyo ina fani na maudhui kama kazi nyingine yoyote ya sanaa, na yafaa ipimwe kwa mizani hiyo hiyo.

Tuanze na neno lenyewe. Mtu afanyaye jambo kwa mapenzi yake, pasipo kulifanya kuwa ajira, tumezoea kumwita mtu wa ridhaa. Twasema bondia wa ridhaa, mchezaji wa ridhaa. Basi na tuseme pia mpigapicha wa ridhaa. Lakini neno hili lina uzito zaidi ya kutolipwa mshahara. Ridhaa ni kukubali kwa moyo, bila kushurutishwa. Nami nitajaribu kuonyesha kwamba picha njema ya dansi yahitaji ridhaa mbili, ya yule apigaye na ya yule apigwaye. Na kwamba alama ya ridhaa hiyo ya pili ni jina la mtu, mahali na tarehe. Picha ikikosa hayo matatu, hata iwe safi namna gani, ni barua isiyo na anwani.

Mfano nitakaoutumia kwa kirefu watoka mbali na kwetu, katika mji wa Bamako, nchini Mali. Nimeuchagua kwa sababu kazi hiyo imehifadhiwa vizuri na imesifiwa duniani kote, na kwa hiyo yatuonyesha waziwazi jinsi sifa zinavyoweza kukiacha kiini cha jambo kando.

Malick Sidibé alizaliwa katika kijiji cha Soloba mwaka 1935 au 1936, akafariki mwaka 2016. Katika ujana wake alifanya kazi katika duka la picha la Mfaransa mmoja mjini Bamako; mwaka 1956 akapata kamera yake ya kwanza, Brownie Flash; hatimaye akafungua studio yake mwenyewe katika mtaa wa Bagadadji. Mali ilipata uhuru mwaka 1960. Katika miaka iliyofuata vijana wa Bamako walijiundia vilabu vya starehe, wakavipa majina ya kuchekesha na ya kujigamba, kama vile Happy Club na Chats Sauvages, na siku za Jumamosi wakaandaa dansi. Hawakuwa na bendi. Walikuwa na gramafoni na santuri: muziki wa Kuba, twisti, roki. Sidibé alialikwa katika dansi kadhaa kwa usiku mmoja, naye alizipitia zote, moja baada ya nyingine.

Yaliyofuata baada ya dansi ndiyo ninayotaka wasomaji wayatie maanani. Sidibé alisafisha filamu, akachapa picha ndogondogo, akazibandika kwa safu juu ya majalada ya karatasi ngumu yenye rangi. Kila picha ilipewa nambari. Juu ya jalada paliandikwa jina la klabu na tarehe ya dansi. Kisha majalada hayo yaliwekwa studioni ili kila mtu ayaone. Vijana walikuja, wakajitafuta, wakachekana, wakaulizana nani alikuwa na nani, na mwenye fedha akaagiza nakala yake. Kwa maneno mengine, dansi ya Jumamosi ilichezwa mara ya pili katikati ya juma, safari hii kwa mazungumzo.

Labda msomaji atauliza: mtu huyu aliyeuza picha ataitwaje wa ridhaa? Swali ni la haki. Sidibé alikuwa mtu wa kazi, na studio ilimlisha. Lakini katika dansi zile hakuna aliyempa amri ya kupiga hiki na kuacha kile. Aliingia kama mgeni mwalikwa, na vijana walijiweka mbele ya kamera yake kwa hiari, wakitaka kuonekana. Kwa hiyo, ingawa mfuko wake ulikuwa wa mtu wa kazi, jicho lake lilikuwa la mtu wa ridhaa. Na hilo jicho ndilo tunalolihakiki.

Tutazame sasa fani yake. Picha yake mashuhuri kuliko zote iliitwa Nuit de Noël, yaani Usiku wa Krismasi, nayo ilipigwa mwaka 1963 katika dansi ya Happy Club. Kijana mwanamume aliyevaa suti nyeupe anacheza na msichana mwenye gauni jeupe. Vichwa vyao vimeinamiana, vipaji vya nyuso karibu vigusane, na wote wawili wanatazama chini, kwenye miguu. Msichana hana viatu. Husimuliwa kwamba wale ni ndugu, kaka na dada. Nyuma yao pana giza la usiku na watu wengine, lakini fleshi imewatoa wawili hao gizani na kuwaacha peke yao.

Fleshi ni chombo kigumu. Mwanga wake hupungua upesi mno: ukisogea mbali mara mbili, mwanga unaomfikia mtu ni robo tu ya ule wa mwanzo. Kwa sababu hiyo mpigapicha wa fleshi analazimika kusogea karibu, hatua tatu au nne tu. Mtu aliye hatua tatu kutoka kwa wachezaji hawezi kujificha; wanamwona, wanamsikia, wanaweza kumkataza. Hapa ndipo ufundi na adabu vinapokutana. Ukaribu tunaousifu katika picha za Sidibé haukuletwa na lenzi, bali na wachezaji waliomwachia nafasi. Na kama wale ndugu wawili hawamtazami, basi ni kwa sababu wamemzoea, hawana haja tena ya kumwangalia.

Jambo la pili la fani ni kutokuwepo kwa jukwaa. Nimesema kwamba muziki wa Happy Club ulitoka katika gramafoni, na hapana mtu anayekwenda kupiga picha ya gramafoni. Umaskini huo wa vyombo ulimkomboa mpigapicha. Kwa kuwa hapakuwa na mwimbaji wa kumkodolea macho, alibaki na wachezaji, na katika wachezaji alikuta kila kitu: mitindo ya nguo, viatu vya kuazima, urafiki, wivu, na fahari ya nchi changa. Maudhui ya picha zile ni maisha ya kila siku yaliyovaa nguo za Jumamosi.

Lakini itakuwaje pale penye jukwaa, na jukwaani yupo mwanamuziki mkubwa? Kwa hilo tusogee karibu na kwetu, hadi Kinshasa, mji ambao nyimbo zake zimechezwa katika kila mtaa wa nchi zetu hizi. Jean Depara alizaliwa Angola mwaka 1928, akahamia mji huo ulipokuwa bado ukiitwa Léopoldville. Alikuwa fundi wa kutengeneza baiskeli na kamera, na kamera yake ya kwanza, Adox ndogo, aliinunua mwaka 1950 kwa ajili ya harusi yake. Huo ndio mwanzo halisi wa mtu wa ridhaa: hakununua kamera ili awe mpigapicha, alitaka kuikumbuka siku moja ya maisha yake. Mwaka 1954 Franco, yaani François Luambo Makiadi, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka kama 16 tu, alimfanya mpigapicha wake. OK Jazz yenyewe iliundwa miaka miwili baadaye.

Basi Depara alikuwa na jukwaa, tena jukwaa ambalo wengi wangelipia kulisogelea. Hata hivyo thamani kubwa ya kazi yake haimo katika picha za Franco peke yake. Imo katika meza za vilabu, katika vijana waliojivika kofia na mikanda kama wachunga ng'ombe wa filamu za Kimarekani, katika wanawake wa mjini waliokaa na bilauri mbele yao wakiitazama kamera kama mtu amtazamavyo jirani anayemjua. Ukiziondoa picha hizo ukaacha za mwanamuziki tu, utabaki na sura ya mtu mashuhuri ambayo ungeweza kuipata kwenye jalada la santuri. Ukiziacha zote pamoja, unapata mji mzima na sababu ya mji huo kumpenda mwanamuziki wake.

Kutokana na mifano hii miwili naona twaweza kutoa kanuni ya kwanza ya uhakiki wetu: katika muziki wa kwetu, msikilizaji ni sehemu ya onyesho, na picha inayomwacha msikilizaji imeliacha nusu ya onyesho. Kanuni hii si ngeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Katika ngoma, duara halina mbele wala nyuma. Katika taarabu, mwanamke huinuka kitini, huishika noti juu watu waione, huenda kwa madaha hadi kwa mwimbaji, akamtunza katika ubeti ule hasa alioungojea. Ukumbi mzima waelewa, au wadhani waelewa, ubeti ule umemlenga nani. Mpigapicha aliyeelekeza kamera yake kwa mwimbaji tu amekosa shairi lenyewe, maana wakati huo shairi liko mkononi mwa mtunzaji na usoni mwa yule aliyekaa akijifanya hakusikia.

Hapo hapo, hata hivyo, inatubidi turudi kwenye ridhaa. Picha ya mwanamke anayetunza si picha ya mtu anayecheza tu. Ni fumbo, na fumbo lina mwenyewe. Ndani ya ukumbi lilisemwa kwa watu waliokuwapo. Likitolewa nje kwa picha, bila idhini yake, laweza kuleta ugomvi hata kuvunja nyumba. Mshairi akificha jina la amsemaye twamsifu kwa ustadi wake. Mpigapicha naye hana budi kuujua ustadi huo, yaani kujua lini aonyeshe na lini ashushe kamera. Ridhaa yake mwenyewe ya kupiga haimpi haki ya ridhaa ya mwingine.

Siku hizi kamera imo katika simu ya mkononi, na karibu kila aendaye katika onyesho la muziki ni mpigapicha wa ridhaa. Sitaungana na wale wanaolaani jambo hilo. Zamani filamu ya picha 36 ilikuwa ghali, na wengi waliopenda muziki hawakuweza kabisa kuihifadhi furaha yao. Kupanuka kwa uwezo huo ni jambo la kushangilia. Lakini mhakiki lazima aseme akionacho. Picha nyingi tunazoonyeshwa ni nukta moja ya mwanga kwa mbali na bahari ya mikono iliyoinuliwa. Mpigaji alikuwa mita sitini kutoka jukwaani. Fleshi yake ndogo haikufika popote isipokuwa kwenye visogo vya watu waliosimama mbele yake. Na la ajabu ni kwamba, kwa bahati, visogo hivyo ndivyo vitu vya maana zaidi katika picha nzima! Angegeuka nyuma, angeona nyuso zinazomulikwa na taa za jukwaa, wengine wameimba hadi machozi, mtoto amelala begani kwa baba yake. Mwangaza wa kutosha ulikuwa nyuma yake, na bure.

Kasoro ya pili ya picha hizi ni kubwa zaidi, nayo ni kasoro ya lugha. Hazina maneno. Mtu huonyesha picha mia moja kwa mpigo, na akiulizwa ni nani huyu, hujibu, "Sijui, alikuwapo tu." Mwenzetu mmoja, mwalimu niliyefundisha naye kwa miaka mingi, alipofariki, familia yake ilituletea albamu yake walimuni ili tuwasaidie kuielewa. Katika ujana wake alikuwa haendi dansini bila kamera. Tuliikalia albamu ile mchana kutwa. Tuliwatambua watu wawili. Wengine wote, wapiga gitaa, wacheza dansi, wasichana waliosimama mlangoni, walitutazama nasi tukawatazama, hapana aliyeweza kumwambia mwenzake neno.

Picha moja tu ilikuwa na maandishi nyuma yake. Ilisema kwamba ilikuwa Krismasi ya 1981. Ikataja jina la msichana aliyemo. Kisha ikaongeza kwamba viatu alivyovaa ni vya dada yake na vilitakiwa nyumbani kabla ya asubuhi. Kwa vipimo vya fundi, ile ndiyo iliyokuwa mbovu kuliko zote: imetikisika, na mkono mmoja umekatwa na ukingo. Lakini ndiyo iliyotufanya tucheke, na mke wa marehemu akaanza kusimulia. Mstari mmoja wa kalamu ulikuwa umefanya kazi ambayo picha arobaini safi hazikuweza kuifanya.

Kwa kisa hiki twaweza kurejea Bamako na kumaliza uhakiki wetu. Kuanzia miaka ya 1990 picha za Sidibé zilipelekwa Ulaya na Marekani, zikakuzwa mpaka zikawa kubwa kama milango, zikatundikwa katika majumba ya makumbusho. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Hasselblad, na mwaka 2007, katika maonyesho ya Venice, alipewa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote, akawa Mwafrika wa kwanza kuipokea heshima hiyo. Heshima hizo alizistahili, na pasipo kukuzwa kule pengine sisi tulio mbali tusingezijua picha zake kamwe. Hilo nakiri wazi.

Hata hivyo kukuza ni kuchagua, na kila uchaguzi una gharama yake. Picha ndogo juu ya jalada ilikuwa moja kati ya nyingi, ilikuwa na jirani kushoto na kulia, na nambari, na watu waliokuja kusema, "Huyu ni mimi." Ilipotolewa pale na kukuzwa, ikawa picha ya "vijana wa Kiafrika wenye furaha." Anwani ya ile ya Krismasi yaitaja sikukuu na klabu; haiwataji wachezaji. Mtazamaji wa ng'ambo aisifu miondoko yao, na pengine aona katika miguu mitupu ya yule msichana ishara ya uhuru au ya umaskini, kama apendavyo. Kijana wa Bamako aliyesimama mbele ya jalada siku zile hakuhitaji ishara. Alimjua msichana, na kama alitaka kujua viatu viko wapi, angemwuliza.

Kwa sababu hiyo nathubutu kusema kwamba kazi kuu ya Sidibé ni majalada yenyewe, wala si picha moja moja zilizokuzwa. Yamewahi kuchapishwa katika kitabu, na ni faraja kwamba hayakutupwa. Katika majalada fani na maudhui havitengani: mpangilio wa safu ndio mpangilio wa usiku, na maandishi ya juu ndiyo yanayotuwezesha leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, kusema kwa hakika kwamba dansi ile ilikuwa ya Happy Club na mwaka ulikuwa 1963. Kama asingeandika, tungekuwa na albamu kama ile ya mwenzetu, ila kubwa zaidi na yenye bei kali zaidi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuifundisha kama onyo kwa wafanyabiashara, lakini kumbukumbu za starehe nazo ni mali, tena ya watu ambao mara nyingi hawana nyingine ya kuwaachia watoto wao. Historia za nchi zetu zimeandikwa kwa majina ya wakuu na tarehe za mikutano. Waliofurahi pamoja siku ya Jumamosi hawamo. Mpigapicha wa ridhaa ndiye karani wao pekee, na karani asiyeandika hajafanya kazi yake.

Hapa ndipo mwalimu wa lugha anapoingia. Napendekeza kwa wenzangu zoezi moja la insha ambalo halihitaji vifaa vya gharama. Kila mwanafunzi alete picha moja ya sherehe, harusi au onyesho la muziki kutoka nyumbani kwao, ya karatasi au ya kwenye simu. Aende kwa wazee wake awaulize: ni nani hawa? Ni wapi, na lini? Kulikuwa kunapigwa wimbo gani? Na je, waliomo wanakubali isimuliwe darasani? Kisha aandike ukurasa mmoja. Swali la nne lisiachwe hata kidogo, maana ndilo litakalomfundisha kwamba katika lugha yetu kuomba ruhusa ni sehemu ya kuzungumza. Mzazi akikataa, mwanafunzi ataandika juu ya picha nyingine, na atakuwa amejifunza zaidi ya wenzake.

Kiswahili chenyewe kimetuwekea jambo hili wazi katika kitenzi kimoja. Twapiga muziki, twapiga picha, twapiga soga. Katika dansi za Bamako mambo hayo matatu yalikwenda kwa pamoja, la kwanza usiku wa Jumamosi, la pili humo humo ukumbini, na la tatu mbele ya majalada baadaye. Leo la kwanza tunalo tele, na la pili limezidi. Tulilolipunguza ni la tatu, nalo ndilo lililo mikononi mwetu sisi walimu. Basi tuwaombe wanafunzi wetu, na wazazi wao, wazitoe picha zao wiki hii, na wakae nazo wakiwa na kalamu, wakati wale wanaoyajua majina wangali hai.